Mtambo wa Atari na Jina la Mtunzi

Utangulizi

Wahenga wametuachia methali isemayo: Chanda chema huvikwa pete. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu huikariri pasipo taabu. Lakini ni mara chache tunapojiuliza ni nani mwenye wajibu wa kukivisha chanda pete hiyo, na huwaje pale ambapo chanda kimefanya kazi usiku na mchana, kisha pete ikavikwa mkono mwingine. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia ya kitu ambacho huenda msomaji hakutarajia kukikuta katika kurasa zetu: mtambo wa kuchezea michezo katika televisheni, uliotolewa nchini Marekani mwaka 1977, ukaitwa kwanza Video Computer System na baadaye Atari 2600.

Sababu ya kuyaandika ni deni. Niliwahi kuwataka wanafunzi wangu waandike insha kuhusu kitu kimoja kilichobadili maisha ya watu katika karne ya ishirini. Wengi waliandika juu ya redio, reli na dawa ya penisilini. Mmoja aliandika juu ya mtambo huu. Nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba mada yake ni ya kitoto, nikampa alama chache. Miaka kadhaa baadaye niliikuta insha ile katika sanduku la karatasi kuukuu, nikaisoma kwa utulivu, kisha nikaanza kusoma mwenyewe habari za jambo lile. Hapo nilitambua kwamba mwanafunzi alikuwa ameiona historia mahali ambapo mwalimu wake aliona mchezo tu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane kuhusu istilahi chache. Kwa neno mtambo nakusudia mashine yenyewe, ile inayounganishwa na televisheni. Kwa neno katriji nakusudia kile kikasha kidogo cha plastiki kinachochomekwa katika mtambo, na ambacho ndani yake mna kumbukumbu iliyohifadhi mchezo. Vijana wengi hukiita kaseti, kwa kukifananisha na kaseti za muziki. Ama yule anayeandika maagizo yanayofuatwa na mashine, huyo nitamwita mtunzi wa programu, au kwa ufupi mtunzi, na msomaji ataona mbele kwamba neno hilo sikulichagua ovyo.

Michezo ya Televisheni Kabla ya Mwaka 1977

Mtambo wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani ulikuwa Odyssey, uliotolewa na kampuni ya Magnavox mwaka 1972. Aliyeubuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Marekani mwaka 1938. Baer alikuwa akifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza vifaa vya kijeshi, na wazo lililomjia mwaka 1966 lilikuwa jepesi kulieleza: mamilioni ya watu walikuwa na televisheni majumbani mwao, na kazi yao ilikuwa kuitazama tu, je, haiwezekani wakaitumia kwa kucheza? Odyssey haukuwa na sauti, na haukuweza kuonyesha ila nukta chache za mwanga na mstari. Ili kupata picha ya uwanja au ya nyumba, wachezaji walibandika karatasi za plastiki zilizochorwa juu ya kioo cha televisheni.

Mwaka huohuo wa 1972, Nolan Bushnell na Ted Dabney walianzisha kampuni ya Atari katika jimbo la California. Jina hilo walilitoa katika mchezo wa kale wa bao uitwao go, ambamo mchezaji wa Kijapani husema neno hilo anapokaribia kuziteka kete za mwenzake. Mchezo wao wa kwanza kupata umaarufu ulikuwa Pong, uliotengenezwa na mhandisi Al Alcorn: vibao viwili na nukta moja ya mwanga inayopigwa huku na huku kama mpira wa meza. Mwanzoni ulichezwa katika baa na kumbi za starehe kwa kutia sarafu. Mwaka 1975 ukatolewa umbo dogo la nyumbani, lililouzwa kwa wingi katika maduka ya Sears.

Hata hivyo mitambo hiyo ya awali ilikuwa na kasoro moja kubwa. Mchezo ulifungwa ndani ya saketi zenyewe, hivyo aliyenunua Pong alinunua Pong tu, wala asingeweza kucheza jambo jingine. Ni kama mtu anunue kitabu ambacho hakina ila hadithi moja, na kila atakapo hadithi mpya sharti anunue pia rafu mpya ya kukiwekea.

Kasoro hiyo iliondolewa kwanza, si na Atari, bali na kampuni ya Fairchild, ambayo mwaka 1976 ilitoa mtambo ulioitwa Channel F. Wazo la kuziweka programu katika vikasha vinavyoondoleka lilianzia kwa wahandisi wa kampuni ndogo ya Alpex. Aliyeongoza kazi ya kuligeuza kuwa bidhaa inayoweza kuchomekwa na kuchomolewa na mtoto pasipo kuharibika alikuwa Jerry Lawson, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940. Katika miaka ile wahandisi weusi katika viwanda vya elektroniki vya California walihesabika kwa vidole. Channel F haukuuzika sana, na jina la Lawson likasahauliwa kwa muda mrefu. Wenzake wa fani walimtunukia heshima mnamo Machi 2011. Mwezi uliofuata akafariki dunia. Msomaji na aliweke jina hili moyoni, maana tutalirudia.

Kuzaliwa kwa Mtambo

Atari nao walikuwa wameutambua udhaifu wa mitambo ya mchezo mmoja. Wahandisi wao Steve Mayer na Ron Milner walitaka kompyuta ndogo iwe ndani ya mtambo, lakini mikroprosesa za wakati ule zilikuwa ghali mno kwa kitu cha kuchezea watoto. Mlango ulifunguka mnamo Septemba 1975, pale kampuni ya MOS Technology ilipoitangaza mikroprosesa yake ya 6502 kwa bei ya dola 25 tu, hali za washindani wake ziliuzwa kwa bei iliyo kubwa mara kadhaa. Atari walichagua umbo lake dogo zaidi, liitwalo 6507.

Mhandisi kijana Joe Decuir alijiunga na kazi hiyo, na mradi ukapewa jina la siri la Stella, ambalo lilikuwa jina la baiskeli yake. Jay Miner akasanifu kipande muhimu kuliko vyote, kile kilichogeuza hesabu za mikroprosesa kuwa picha na sauti katika televisheni. Kazi ilihitaji fedha ambazo kampuni haikuwa nazo. Kwa hiyo mwaka 1976 Bushnell aliiuza Atari kwa kampuni kubwa ya Warner Communications kwa dola zipatazo milioni 28. Tangu hapo waliobuni na waliomiliki hawakuwa tena watu wamoja, na jambo hili ndilo litakalozaa mengi ya yale yatakayofuata.

Mtambo ulitoka mnamo Septemba 1977 kwa bei ya dola 199. Ulikuwa kisanduku cheusi chenye uso wa mbao bandia, kusudi usichukize machoni ukiwekwa sebuleni kando ya televisheni na kabati. Ulikuja na mipini miwili ya kuongozea michezo, na katriji moja iitwayo Combat, yenye vita vya vifaru na ndege. Michezo tisa ilipatikana siku za kwanza. Biashara haikuchangamka mara moja, na Bushnell, baada ya kutofautiana na wenye mali, aliondoka mwaka 1978. Nafasi ya uongozi ilishikwa na Ray Kassar, aliyetoka katika viwanda vya nguo.

Mtambo ulishika kasi mwaka 1980. Katika mwaka huo Atari ilipata idhini ya kuutia katika katriji mchezo wa Kijapani uitwao Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito mwaka 1978. Watu waliokuwa wakimaliza sarafu zao katika kumbi za starehe sasa walinunua mtambo mzima ili wapate kuucheza mchezo huo nyumbani. Mauzo yaliongezeka maradufu na zaidi, na jina la Atari likawa, katika vinywa vya Wamarekani, ndilo jina la michezo yote ya televisheni.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mtambo huu haukujulikana na wengi, na sababu yake i wazi: huwezi kucheza katika televisheni usiyokuwa nayo. Matangazo ya televisheni yalianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, lakini vyombo vyenyewe vilibaki kwa wachache wa mijini. Tanzania Bara ilipata kituo chake cha kwanza mwaka 1994, yaani miaka miwili baada ya Atari kuacha kabisa kuutengeneza mtambo huu.

Ufundi wa Kubana Maneno

Sasa na tuingie ndani ya kisanduku, kwa sababu pasipo kufahamu ugumu wa kazi hatuwezi kuipima haki ya mfanyakazi.

Kumbukumbu ya kufanyia kazi katika mtambo huu ilikuwa baiti 128. Baiti moja huweza kuhifadhi herufi moja. Walimu wa ushairi watanielewa nikisema hivi: ubeti mmoja wa utenzi, wenye vipande vinne vya mizani minane minane, huchukua herufi zipatazo sabini, pasipo kuhesabu nafasi baina ya maneno. Basi kumbukumbu nzima ya Atari haikutosha hata beti mbili kamili. Katika nafasi hiyo mtunzi alipaswa kuhifadhi mahali alipo mchezaji, walipo maadui, alama zilizopatikana, maisha yaliyosalia, na kila jambo linalobadilika mchezo unapoendelea. Katriji nayo, ambayo ndiyo iliyobeba maagizo na michoro, kwa kawaida ilikuwa na baiti 2,048 au 4,096. Kwa kipimo chetu, ile kubwa ni utenzi wa beti zisizofika sitini.

Wala huo haukuwa ugumu mkubwa kuliko wote. Kompyuta nyingi huwa na sehemu ya kumbukumbu inayoihifadhi picha nzima kabla ya kuionyesha. Atari haukuwa nayo, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa ghali. Picha ya televisheni za wakati ule ilichorwa na mwale wa elektroni uliopita juu ya kioo mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Katika televisheni za Kimarekani mistari 262 kwa kila picha, na picha zipatazo 60 kwa kila sekunde. Mtunzi alipaswa kukipasha habari kile kipande cha Jay Miner, katika kila mstari, ni rangi gani na umbo gani litokee, mwale ukiwa tayari njiani. Kwa kila mstari mikroprosesa ilipata mapigo 76 tu, na agizo moja huweza kula mapigo mawili hadi saba. Ukichelewa kwa pigo moja, picha huharibika. Ni mithili ya mtu anayemsomea maneno mwandishi asiyeweza kusubiri: ukisita, mkono wake huendelea kuandika upuuzi.

Isitoshe, kipande hicho kilisanifiwa kwa ajili ya michezo ya aina ya Pong na vifaru. Kilijua kuchora wachezaji wawili, makombora mawili, mpira mmoja na uwanja, basi. Hata hivyo watunzi waligundua kwamba, wakibadilisha habari mwale unapopita, mchezaji yuleyule aweza kuchorwa tena na tena katika sehemu nyingine za kioo. Kwa hila hizo wale wawili waligeuka kuwa jeshi zima la Space Invaders. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilijazwa kwa mapigo ya mikroprosesa.

Kila mchezo, kwa kawaida, ulikuwa kazi ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyebuni kisa, akaandika maagizo, akachora picha na kutunga sauti, kwa miezi sita au zaidi. Kwa sababu hiyo sioni kosa kumwita mtunzi. Aliyafungwa na idadi ya baiti kama shairi linavyofungwa na vina na mizani, na ndani ya vifungo hivyo alitafuta uhuru wake.

Watunzi Wasio na Majina

Na sasa tufike penye kiini cha jambo. Katriji za Atari zilifungwa katika visanduku vizuri vyenye picha za kupendeza, na juu yake liliandikwa jina la kampuni na jina la mchezo. Jina la mtunzi halikuwapo, wala katika kisanduku, wala katika kijitabu cha maelezo, wala katika mchezo wenyewe. Hii ilikuwa kanuni ya kampuni. Watunzi walilipwa mshahara kama wafanyakazi wengine, na mchezo ukiuzwa nakala elfu moja au milioni moja, mshahara haukubadilika.

Mmoja wao, Warren Robinett, alikuwa akitengeneza mchezo uitwao Adventure, uliotolewa mwaka 1980. Ni hadithi ya safari: mchezaji hupita katika kasri na njia za kupotea, akikimbizwa na mazimwi, akitafuta kikombe cha thamani. Robinett alificha ndani yake chumba kisichotajwa popote. Ili kukifikia ilimpasa mchezaji aokote nukta ndogo sana, isiyoonekana kwa urahisi kwa kuwa rangi yake ni sawa na ya mahali ilipo, kisha aichukue hadi ukuta fulani na kupenya. Ndani ya chumba hicho hamkuwa na dhahabu. Mlikuwa na maandishi yanayobadilika rangi, yakitangaza kwamba aliyeutunga mchezo ule ni Warren Robinett.

Hakumwambia yeyote kazini, akaacha kazi. Katriji zilitengenezwa kwa maelfu, zikasambazwa, ndipo kijana mmoja wa Kimarekani alipokigundua chumba kile na kuiandikia kampuni barua. Wakubwa walishangaa, lakini kuzitengeneza upya katriji kungegharimu fedha, na mmoja wa wasimamizi, Steve Wright, akashauri kwamba siri za namna hiyo ziachwe ziwe kama mayai ya Pasaka, ambayo watoto wa huko hufichiwa bustanini wayatafute. Hata leo jambo lililofichwa katika programu huitwa kwa jina hilo.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatakiona kitendo cha Robinett kuwa kigeni. Washairi wetu wengi wa jadi wana desturi ya kujitaja katika ubeti wa mwisho: jina, mji, pengine na ukoo. Hatuwaiti wenye kiburi kwa kufanya hivyo. Twajua kwamba utungo ni kama mtoto, na mtoto huulizwa ni wa nani. Robinett alifanya lilelile, ila kwa kuwa kaditama yake ilikatazwa, aliizika ndani ya ukuta.

Wengine walichagua njia ya wazi. Watunzi wanne waliokuwa miongoni mwa hodari kabisa wa kampuni, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, walitambua kwamba michezo waliyoitunga wao ilileta sehemu kubwa ya mapato yote ya katriji. Walimwendea Kassar wakaomba jina na sehemu ya faida, kama wapatavyo waandishi wa vitabu na wanamuziki. Kwa jinsi walivyosimulia baadaye, walijibiwa kwamba umuhimu wao haukuzidi ule wa mfanyakazi anayezifunga katriji kiwandani. Wakaondoka. Mwaka 1979, pamoja na Jim Levy aliyetoka katika biashara ya muziki, walianzisha Activision, kampuni ya kwanza iliyojitegemea kutunga michezo kwa ajili ya mtambo wa kampuni nyingine. Atari iliwashitaki, shauri likamalizika kwa mapatano mwaka 1982.

Katika vijitabu vya Activision jina la mtunzi liliandikwa waziwazi, pengine pamoja na picha yake na ushauri wake kwa mchezaji. Mwaka 1982 David Crane alitoa Pitfall!, iliyouzwa kwa mamilioni. Mwaka huohuo Carol Shaw, mmoja wa wanawake wa kwanza katika kazi hii, ambaye kabla ya hapo alikuwa Atari, alitoa River Raid, ambapo ndege huruka juu ya mto usiokwisha. Mto ule mrefu haukuhifadhiwa katika katriji, kwani usingeenea. Shaw aliandika kanuni ya hesabu iliyouzalisha upya kila mara ndege ilipoendelea, nao ukawa uleule siku zote. Atari nayo, baada ya kuwapoteza watu wake, ilianza kutoa bahashishi kulingana na mauzo. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Tamaa Mbele, Mauti Nyuma

Mapatano yale ya mwaka 1982 yalikuwa na tokeo ambalo wengi hawakulitazamia. Kama Activision waweza, kwa nini wengine wasiweze? Makampuni mengi yalijiingiza katika biashara ya katriji, yakiwemo yale yasiyokuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo. Hata Quaker Oats, wauzaji wa shayiri ya uji, walikuwa na tawi lao la michezo. Maduka yalijaa. Kizuri na kibaya viliwekwa katika rafu moja, kwa bei moja, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuvitofautisha ila kwa picha ya kisandukuni.

Atari yenyewe haikujizuia. Mnamo Machi 1982 ilitoa Pac-Man, mchezo wa Kijapani uliokuwa kipenzi cha dunia nzima. Mtunzi, Tod Frye, alilazimika kuubana katika baiti 4,096. Vizuka vyake vilimetameta kama taa inayotaka kuzimika, na rangi hazikufanana na zile zilizozoeleka. Uliuzwa kwa mamilioni kwa nguvu ya jina lake, lakini mamilioni mengine ya katriji yalibaki bila mnunuzi.

Kisha ukaja mchezo wa E.T. Filamu ya Steven Spielberg yenye jina hilo ilikuwa imetoka mwaka 1982 na kupendwa mno. Mazungumzo ya kuipata idhini yalichukua muda, kwa gharama inayotajwa kuwa dola zipatazo milioni 20 au zaidi, na yalipomalizika ulikuwa mwezi wa Julai. Kampuni ilitaka katriji ziwe madukani kabla ya Krismasi. Kazi alipewa Howard Scott Warshaw, ambaye mchezo wake wa kwanza, Yars' Revenge, aliutunga kwa miezi kama saba na ukasifiwa sana. Safari hii alipewa majuma matano. Aliimaliza kwa wakati. Mchezo ulifanya kazi, lakini ulichosha na kukanganya: mchezaji alitumbukia shimoni kila hatua, akapanda, akatumbukia tena. Katriji mamilioni zilirudishwa au hazikutoka ghalani kabisa.

Tarehe 7 Desemba 1982, Atari ilitangaza kwamba mapato hayatafikia kiasi kilichotarajiwa. Kesho yake hisa za Warner zilishuka kwa takriban theluthi moja. Mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Wenye maduka, wakiwa na shehena zisizouzika, waliziuza katriji kwa bei ya kutupa. Mtoto aliyekuwa na dola tano alinunua mchezo mbaya wa dola tano na kuuacha mzuri wa dola thelathini, na kwa njia hiyo hata waliotunga kwa bidii wakaangamia pamoja na walaghai. Biashara iliyokuwa ya mabilioni ya dola nchini Marekani ikanywea, na kufikia mwaka 1985 ilikuwa karibu na kufa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ndivyo tusemavyo. Lakini historia hii yatuongezea neno: kibaya kikitembezwa sana, humfanya mnunuzi akichukie hata kizuri. Si haki hata kidogo kumbebesha Warshaw lawama yote, kama ilivyofanywa kwa miaka mingi. Aliyeitunga E.T. kwa majuma matano hakuwa amechagua majuma hayo.

Kaburi la Alamogordo

Mnamo Septemba 1983 malori yalibeba shehena ya Atari kutoka ghala la El Paso, Texas, hadi jalala la mji mdogo wa Alamogordo, New Mexico. Katriji na vifaa vilifukiwa, vikamwagiwa zege. Magazeti ya wakati ule yaliandika habari hiyo, lakini kadiri miaka ilivyopita tukio likageuka ngano: wengine wakadai ni mamilioni ya E.T. tupu, wengine wakadai hapakuwa na kitu.

Tarehe 26 Aprili 2014 jalala lilifukuliwa mbele ya umati wa watu. Katriji zilikuwamo. Zilitolewa zipatazo 1,300, na E.T. zilikuwa sehemu tu. Miongoni mwake ilikuwamo michezo mingi mingine, hata ile iliyopendwa. Kiongozi wa zamani aliyesimamia mazishi yale alieleza kwamba jumla iliyofukiwa ilikuwa kama 728,000. Warshaw mwenyewe alikuwapo, akiwa mzee sasa, akawaona watu waliosafiri mbali kuja kukitazama kitu alichokitengeneza kwa majuma matano miaka thelathini na zaidi iliyopita. Mwaka uliotangulia, Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilikuwa limekwisha kuuingiza Yars' Revenge katika hazina yake, kama kazi ya usanifu.

Ama mtambo wenyewe, haukufa upesi. Mwezi Julai 1984 Warner waliuza sehemu ya Atari iliyoshughulika na bidhaa za nyumbani kwa Jack Tramiel, mzaliwa wa Poland aliyenusurika katika kambi ya Auschwitz, na aliyekuwa mwanzilishi wa kampuni ya Commodore. Mwaka 1985 Wajapani wa Nintendo waliingia Marekani na mtambo wao mpya, uliokuwa na kufuli ya elektroniki iliyozuia katriji zisizoidhinishwa. Walikuwa wamejifunza kwa msiba wa mwenzao. Hata hivyo Atari 2600 uliendelea kuuzwa kwa bei nafuu, chini ya dola 50, hadi mwanzo wa mwaka 1992. Kwa jumla iliuzwa mitambo ipatayo milioni 30.

Hitimisho

Mwalimu ajifunze nini katika habari hizi? Kwanza, kwamba uhaba wa vifaa si lazima uwe uhaba wa ubunifu. Beti mbili za kumbukumbu ziliwatosha watu kujenga kasri, mto na msitu. Nasi tunaofundisha kwa chaki na vitabu vichache tusiitumie hali yetu kuwa kisingizio cha kufundisha vibaya. Lakini vilevile asije mtu akatwambia kwamba, kwa kuwa tumeweza kwa kidogo, basi kidogo chatutosha milele. Watunzi wa Atari walifurahi walipopata katriji kubwa zaidi.

Pili, kwamba muda ni sehemu ya kazi. Anayempa mtunzi majuma matano kwa kazi ya miezi saba amekwisha kuiharibu kazi kabla haijaanza. Jambo hili linawahusu wanaotuagiza vitabu vya kiada, na linatuhusu sisi tunaowataka wanafunzi waandike insha ya kurasa nne kwa dakika arobaini.

Tatu, na ndilo kubwa, ni jina. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yasingetufikia kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya na Taylor asingeyaandika, hata yakachapishwa mwaka 1940. Ni tungo ngapi za watu wengine wa mwambao zimetufikia tukiziita za jadi, kwa sababu tu hakuna aliyejali kuuliza ni za nani? Jerry Lawson aliheshimiwa mwezi mmoja kabla ya kufa. Robinett ilimbidi ajifiche ukutani. Tuwazoeze wanafunzi wetu, kila wanapokishika chombo, kitabu au wimbo, kuuliza: Nani alikifanya hiki, na je, alitajwa?

Alama nilizompa mwanafunzi yule haziwezi kubadilishwa tena. Daftari la mwaka ule lilikwisha kufungwa. Sina idhini yake ya kumtaja hapa, na kwa hiyo, kwa namna ya kusikitisha, nami naliacha jina la mtunzi nje ya kazi aliyoianzisha. Akiisoma makala hii atajijua. Insha yake ilikuwa njema, na mada yake ilifaa.